Maji ya Kumwosha Kinyonga

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni Pakawa ya waliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale alikuwepo Bi Nungu, nungunungu mwenye miba yake na usafi wake. Na usafi wenyewe, jamani, ulipita kiasi. Ukidondosha punje uani kwake, ataiokota kabla haijatua.

Lakini Bi Nungu alikuwa na adui. Nzi. Walipenya katikati ya miba ya mgongoni, mahali ambapo mkono haufiki. Vuu, vuu, vuu. Akijikuna, anajichoma. Akiacha, wanamla. Alikuwa akilia peke yake kwa adha ile.

Siku moja akaenda msituni kuchimba mizizi, akamwona Kinyonga juu ya tawi. Nzi akapita. Ulimi ukatoka, pa. Nzi hayupo.

"Ndugu yangu," akasema Bi Nungu, "twende kwangu. Nzi wote wa kwangu ni wako. Utakula, utakunywa, utalala."

Kinyonga akafikiri. Mguu mbele, mguu nyuma. Mbele, nyuma. "Nitakwenda, Bibi," akasema. Angetembea mwenyewe, hadithi hii tungeimaliza mwakani. Bi Nungu akambeba.

Basi wenzake walifuga kuku, yeye akafuga Kinyonga. Akampandisha juu ya mpera uani. Akauezeka mpera kwa makuti ili mvua isimguse mgeni wake. Na kwa kuwa Bi Nungu aliuogopa umande, kwake umande ulikuwa kifua, umande ulikuwa homa, kila alfajiri aliamka kabla ya Kinyonga. Akaupigapiga mpera kwa miba yake, chakacha, chakacha, umande ukamwagika chini. Kisha akafuta jani moja moja, mpaka mti mzima ukakauka.

Halafu akachota maji. Akayatia katika chungu chake kizuri, akakiweka tawini, mbele ya pua ya Kinyonga. Akasubiri maji yatulie, yatulie kabisa. Mama yake alimfundisha kwamba maji yanayotikisika yana vumbi. Maji ya mgeni ni yaliyotulia.

"Maji hayo, kunywa," akasema.

Kinyonga akageuza jicho la kulia. Akageuza jicho la kushoto. Hakunywa.

Kesho yake, chakacha, chakacha, umande chini. Majani yamefutwa. Chungu kimejaa, maji yametulia.

"Maji hayo, kunywa."

Jicho la kulia. Jicho la kushoto. Hakunywa.

Nzi aliwala, ndiyo. Mgongo wa Bi Nungu ukapona. Lakini Kinyonga akaanza kubadilika, na sikusema kubadilika rangi. Ngozi ilijikunja. Macho yale makubwa yaliyochomoza yakaanza kudidimia. Hata mavi yake, msicheke, hata mavi yake yalikuwa na ncha nyeupe kama chokaa, sasa ncha imekuwa ya manjano. Bi Nungu aliyafagia, akayaona, akafikiri amekula mapera.

Jirani yake, Bi Kanga, akapita kuomba moto. Kanga mnamjua, mdomo wake haulali.

"Shoga," akasema, "huyu mfugo wako mbona hanywi?"

"Sijui, shoga. Maji nampa kila siku."

Bi Kanga akasogea karibu. "Anayekataa maji ya nyumba anamshuku mwenye nyumba. Amekuona mchawi huyo."

Bi Nungu alishtuka mpaka miba yote ikasimama. Yeye, mchawi? Yeye anayeamka alfajiri kwa ajili yake? Akaenda chini ya mpera.

"Kinyonga, kwani mimi mchawi?"

"La, Bibi."

"Basi kwa nini hunywi maji?"

"Maji gani, Bibi?"

"Haya hapa mbele yako."

Kinyonga akatazama, akatazama. "Naona chungu," akasema.

Bi Nungu akaduwaa. Akamwona mgeni amemfanyia kejeli, tena kejeli kavu. Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Lakini alfajiri alitoka vilevile, kwa kuwa hasira ni hasira na mgeni ni mgeni. Chakacha, chakacha, umande chini.

Asubuhi moja akatoka, akamkuta Kinyonga ameanguka. Yuko chini, rangi ya jivu. Macho yameingia ndani. Mguu hauendi mbele, hauendi nyuma.

Bi Nungu akapiga ukelele. Bi Kanga akaja mbio. Akamgusa kwa ukucha, akatikisa kichwa.

"Amekwenda, shoga. Tumwoshe, tumzike."

Wakamlaza juu ya jani la mgomba. Bi Nungu akaleta chungu kilekile. Moyo ulimuuma, maana alimpenda, na aliachana naye wakiwa hawasemeshani. Mkono ukamtetemeka. Maji hayakumwagika, yakadondoka. To. To. To. Tone likaanguka juu ya jani, likang'aa, likabiringika mpaka kwenye pua ya maiti.

Jicho likageuka.

Bi Kanga akanyamaza. Mara ya kwanza tangu azaliwe.

Mdomo ukafunguka. Maiti akalamba tone. To, jingine. Akalilamba.

"Maiti anakunywa maji ya kuoshewa!" Bi Kanga akaruka juu ya ua, keke-keke-keke, manyoya yakabaki uani. Mpaka leo kanga akishtuka hupiga kelele hiyohiyo.

Bi Nungu hakukimbia. Akaendelea kudondosha, to, to, to, na Kinyonga akanywa, akanywa, akanywa, mpaka macho yakarudi juu.

"Ahsante, Bibi," akasema kwa sauti ndogo. "Leo umenipa maji."

"Leo? Si nakupa kila siku?"

"Mimi, Bibi, maji yaliyotulia macho yangu hayayaoni. Maji yangu ni matone juu ya majani. Kila nikiamka nalitafuta tone la umande, nakuta mpera mkavu. Nikasema, nchi ya Bibi ina ukame mkali. Na mgeni haombi maji kwenye ukame."

Bi Nungu akakaa chini. Akaitazama miba yake, miba iliyokung'uta umande alfajiri baada ya alfajiri.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekuwa nakuua."

Kinyonga akalamba tone la mwisho juu ya jani.

Siku hiyohiyo Bi Nungu akang'oa makuti juu ya mpera. Na alfajiri iliyofuata hakugusa umande. Jua lilipopanda akajilowesha miba mtoni, akaja chini ya mti, akajitikisa. Chakacha, chakacha. Safari hii matone yakapanda, yakatua juu ya majani. Kinyonga akalamba.

Basi, wakubwa na wadogo, ukimfuga kiumbe, usimpe maji unavyokunywa wewe. Mpe anavyokunywa yeye, kisha simama umwone akimeza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshikwa na kiu akanywe, na asiyeyaona maji aseme.