Bustani Ambayo Mundhir Hakuirithi

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Wasiti aliishi Mundhir bin Harmala, mwana wa amiri, aliyerithi majumba na farasi, akavimaliza kwa karamu, vipanga wa kuwindia na marafiki wa sinia. Mali ilipokwisha, na marafiki wakaisha. Akatubu kwa Mola wake, akawa mchukuzi wa maji, kiriba mgongoni, akiteka kisimani katika bustani ya marehemu baba yake. Bustani hiyo pekee, kwa siri aliyoijua moyoni, hakuthubutu kuiuza. Mzee mlinzi ndiye aliyeitunza.

Mlinzi alipofariki, Kadhi akaketi langoni kuamua bustani ni ya nani. "Mundhir," akamwita mbele ya watu, "mrithi ni wewe peke yako. Kama hujui kizuizi chochote, chukua funguo."

Mundhir akaiona mitende ilivyoinama kwa matunda, akamkumbuka mkewe aliyemwacha nyumbani akiloweka mkate mkavu. Akamkumbuka na baba yake, kitandani mwa mauti, akitamka mbele yake na mbele ya mlinzi kwamba bustani ile ameitoa wakfu kwa wapita njia. Mlinzi sasa yu kaburini. Shahidi amebaki mmoja.

Labidi, mwenziwe wa karamu, ambaye siku hizo kila walipokutana njiani aligeuza uso, akamnong'oneza: "Nyamaza tu, bwana wangu! Kunyamaza si uongo. Jioni tunachinja!"

"Lo, Labidi! Leo umenitambua, hata na kiriba hiki?" Kisha akamgeukia Kadhi. "Mwenyezi Mungu akuhifadhi, ewe Kadhi. Kila alichoniachia baba nimekifuja. Hii hakuniachia mimi. Ni wakfu wa wapita njia, nami ni shahidi."

Kadhi akainuka, akamshika mkono.

"Wakfu ni wa Allah, lakini haukosi msimamizi. Aliyeulinda dhidi ya njaa yake mwenyewe, ataulinda dhidi ya yeyote. Shika funguo, na riziki yako itoke humu kwa halali."

Takbiri zikarindima hadi sokoni. Lango alilozoea kulipita ameinamishwa na kiriba, Mundhir akaliingia kichwa juu.

Labidi alibaki nje, macho chini. Mundhir akamletea kata ya maji. "Kunywa, ndugu yangu. Hata wewe ni mpita njia."

Zingatieni, enyi wapenzi: hakurudishiwa mali aliyoipoteza, alipewa amana, na amana hapewi ila mwenye heshima. Mola atujaalie ndimi zisemazo haki, hata pale ambapo haijui mwingine ila Yeye.