Mfuko wa Bwana Lyatuu

Bwana Lyatuu alianza kwa kubadilisha dola mpakani, akaishia ghorofa ya ishirini, mwenye mfuko wa uwekezaji na gari refu kuliko nyumba yenu. Siku moja alifuatwa na Mshamu, mshona mabegi aliyeishia darasa la tano.

"Shikamoo, bosi. Shangazi anaomba milioni zake mbili alizoweka kwenye mfuko wako, anapasuliwa macho Jumatatu."

"Kijana, kikiingia mfukoni hakitoki kabla ya miaka mitano. Kanuni hiyo ndiyo iliyonitajirisha."

"Kanuni tamu! Niandikie, nikamsomee."

Lyatuu akaandika, akatia saini kwa mbwembwe. Mshamu akatoa mfuko mdogo wa ngozi.

"Zawadi yako hii, ya kuwekea funguo za gari. Jaribu kama zinaenea."

Lyatuu akazitumbukiza. "Zimeenea kabisa!"

Mshamu akakaza kamba, akaubana mfuko kwapani.

"Wee! Funguo zangu!"

"Zimeingia mfukoni, bosi. Tuonane baada ya miaka mitano. Au saini hii ya uongo? Niwaulize wateja wako waliojaa pale mapokezi?"

Lyatuu akautazama mlango, akashusha sauti.

"Mshamu, mwanangu, hivi shangazi yetu anapenda taslimu au nimtumie kwa simu?"