Malong ya Hariri ya Bai Minang

"Nguo ya sandukuni haibebi mgonjwa." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, nanyi mwataka kujua ilitoka wapi. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Huko Ufilipino, kando ya ziwa Lanao, aliishi mama wa ukoo wa heshima, Bai Minang. Watu wa huko huvaa malong, nguo pana iliyoshonwa ikawa kama mfuko usio na kitako. Huifunga kiunoni, hujifunika wakilala, humbembeleza mtoto ndani yake. Malong ya Bai Minang ilikuwa ya hariri ya manjano, rangi ya wenye nasaba, yenye nakshi zilizofumwa na bibi yake. Ilitoka sandukuni siku za harusi tu, na ufunguo aliuvaa shingoni.

Asubuhi moja, mvua ikiwa haijakatika tangu juzi, mkwewe Raisah alishikwa na uchungu kabla ya mwezi wake. Mto ulikuwa umezoa daraja, gari lisingefika, na zahanati ilikuwa nyuma ya kilima. Amerol, mume wa Raisah, akaleta mwanzi mrefu ili yeye na jirani wambebe mkewe akining'inia ndani ya malong.

"Mama, tupe ile ya hariri. Ndiyo imara."

Bai Minang akaushika ufunguo. "Ile ni amana ya wazee, mwanangu. Chukueni yangu ya pamba, itatosha."

Amerol hakubishana na mamaye. Wakaondoka, Bai Minang akifuata nyuma, macho hayabanduki kwenye ile pamba iliyochakaa. Kwenye mpando akasikia uzi ukikatika. Akajiambia ni mwanzi unaolia. Akausikia tena, asiwaambie wasimame.

Mara nguo ikapasuka, Raisah akaanguka matopeni.

Raisah alimtazama mama mkwe wake bila hasira. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mtoto hachezi tena."

"Mkingeni mvua! Naja!"

Bai Minang, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia pekupeku hadi nyumbani. Ufunguo ukakataa kuingia. Akachukua mchi akaivunja kufuli.

Walipopitisha mwanzi ndani ya hariri, ilivutika, ikalia, lakini ikashika. Njia nzima Bai Minang aliikamata pindo, akiomba dua asizozimaliza.

Zahanatini mlango ukafungwa. Alikaa chini na matope yake, sikio mlangoni. Aliwasikia wakunga wakihimizana, kisha kimya. Kimya kile kilirefuka hata Amerol akageukia ukutani. Ndipo kikasikika kilio chembamba, kama cha mtoto wa paka. Bai Minang akajifunika uso, akalia.

Aliifua hariri ziwani, doa la damu halikutoka, na nakshi zilikuwa zimechanika upande mmoja. Harusi iliyofuata akaivaa vivyo hivyo. Binamu yake akashika kichwa: "Bai! Umeiharibu nguo ya wazee wetu!"

Bai Minang akamwangalia Raisah, aliyekuwa akinyonyesha.

"Dada yangu," akajibu, "ilikuwa imekunjwa vizuri, safi kabisa, na mke wa mwanangu yu matopeni. Nguo ya sandukuni haibebi mgonjwa."