Hodi ya Konokono

— Jamani, mpo?
— Tupo!
— Na masikio yapo?
— Yapo!
— Nimwage?
— Mwaga!

Basi palikuwa na maji, na ndani ya maji palikuwa na mwenyewe. Mwenyewe aliitwa Maringo. Samaki, si mtu. Tena samaki mdogo, hazidi kidole changu hiki cha kati. Lakini mapezi yake! Mmewahi kumwona bibi harusi akishuka ngazi, nguo inamfuata nyuma? Ndivyo alivyokuwa Maringo kila siku, harusi au hakuna harusi. Mapezi mekundu, buluu pembeni. Akigeuka yanageuka, akitulia yanashuka taratibu. Namsifu, na sioni haya kumsifu.

Maringo aliishi katika beseni la kioo, nyumbani kwa Bi Mwanakheri, msukaji wa ukili wa mikeka. Bi Mwanakheri alikaa dirishani, mkono unasuka, jicho liko kwa Maringo. Asubuhi humwona akipanda juu kuvuta pumzi, maana samaki huyu hewa ya majini haimtoshi. Mchana humwona akipuliza mapovu, povu juu ya povu, anajijengea kiota. Alasiri humwona amejilaza juu ya jani, mwenye mji wake. Na akipita hata nzi karibu na kioo, Maringo hutanua mashavu akaimba:

"Maji yangu! Nyumba yangu! Nani kakuambia karibu?"

Sasa, mji huo ulikuwa na mfalme, na mfalme alikuwa na amri yake. Zamani nyumba ya mtu aliyeishi peke yake iliungua, na hakuna aliyejua mpaka paa lilipoanguka. Tangu hapo mfalme akasema: katika mji wangu kila kiumbe awe na mwenzake wa kukaa naye. Asiye naye, atoke. Watu wakatii. Paka wakatii. Hata beberu wa mwuza mkaa, mkorofi yule, alitafutiwa mwenzake.

Na mfalme alikuwa na waziri, Waziri Ngwali, mwenye nyumba ya vyumba saba na sauti ya kufukuza wageni. Huyu hakumtaka samaki. Alilitaka beseni! Alitaka kuwekea maji ya ukwaju, watu waone rangi. Akaenda kwa mfalme: "Maulana, Bi Mwanakheri ana samaki anayekaa majini peke yake."

Mfalme akasema, "Nampa mpaka mwezi uandame. Akipata mwenzake, abaki. Asipopata, mwageni ziwani."

Ziwani kuna kambare, jamani. Kambare ana mdomo kama mlango huu hapa. Maringo, na nguo ile ndefu, angekimbilia wapi?

Bi Mwanakheri akalia. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda mtoni, akachagua samaki mzuri kuliko wote, mkia umechanua. "Mzuri kwa mzuri watapendana," akasema. Akammimina, chubwi!

Maringo akauona ule mkia. "Mkia kama wangu! Tena humu ndani!" Akatanua mashavu: "Maji yangu! Nyumba yangu! Nani kakuambia karibu?" Akamfukuza huku, akamfukuza kule. Mgeni alirudi mtoni ndani ya upawa, na mkia aliorudi nao ulikuwa nusu.

Bi Mwanakheri akawaza: mmoja anaonewa, wakiwa watano hawataonewa. Akaleta samaki wadogo watano, wepesi, hawatulii. Chubwi, chubwi, chubwi! Lo! Kumbe wadokozi! Huyu anadonoa pezi la kushoto, huyu la kulia, Maringo akigeuka wa tatu yuko nyuma. Siku hiyo wimbo haukuimbwa. Maringo alijificha chini ya jani, nguo ya harusi imekuwa matambara.

Bi Mwanakheri akawatoa mmoja mmoja. "Nisamehe, baba," akamwambia Maringo. "Mimi ndiye niliyewaleta." Aliumia sana yule mama. Na siku zilizobaki zilikuwa kumi tu.

Kesho yake akaenda kuazima ungo kwa jirani yake, Bi Kazija. Akasimama mlangoni. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!"

"Karibu, Mwanakheri, nilikuwa uani! Pita. Mbona umeduwaa?"

"Hodi! Nimesahau hodi!"

"Si ndiyo umeipiga sasa hivi?"

"Si yangu, dada. Ya samaki!"

Bi Kazija akamgusa paji la uso aone kama ana homa. Mwenzake hakujali, alikuwa ameshafika uani. Kwenye pipa la maji la Bi Kazija alikuwamo konokono mmoja, gamba la mviringo, anajilambia ukoga wa pipa bila maneno.

"Wewe, una mkia wa kuringia?"

"Sina, mama. Hata wa kuazima."

"Unadonoa mapezi ya watu?"

"Mimi nalamba sakafu."

"Na mtu akikupiga?"

"Nafunga mlango." Akaingia ndani ya gamba, akafunga, ko! Akafungua kidogo. "Natembea na mlango wangu, mama. Hodi nitakosaje kuijua?"

Safari hii hakuna chubwi. Bi Mwanakheri alimtia konokono ndani ya gilasi ya maji, gilasi akaiacha ielee juu ya maji ya beseni, waonane kwanza.

Siku ya kwanza konokono akasema, "Hodi!" Maringo akaja mbio, akaimba wimbo wote, akaipiga gilasi kwa pua. Konokono akafunga mlango, ko! Siku ya pili, "Hodi!" Maringo akaimba nusu. Siku ya tatu, "Hodi!" Maringo amechoka.

"Unataka nini hasa?"

"Sakafu, bwana."

"Sakafu? Huko chini?"

"Huko unakodondosha chakula. Juu kwako, chini kwangu."

Maringo akatazama chini. Tangu azaliwe hakuwa na habari na huko. "Ka... karibu," akasema. Neno lilimkwama, maana hakuwahi kulisema. Bi Mwanakheri akaiinamisha gilasi, konokono akashuka sakafuni kwake.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake mfalme akaja, na waziri nyuma, amebeba kitu ndani ya joho. Mfalme akatazama: maji safi, samaki juu, konokono chini. Akafurahi.

"Maulana, usidanganyike," akasema Waziri Ngwali. "Konokono si mwenza, ni jiwe. Ngoja nimpe mwenzake wa kweli." Akatoa kioo cha kujitazamia, akakisimamisha ubavuni mwa beseni.

Maringo akaona mapezi mekundu. Akaona buluu pembeni. Akaona mashavu yametanuka! "Maji yangu! Nyumba yangu! Nani kakuambia karibu?" Akajibamiza pu! Akajibamiza pu! Pua ikachubuka.

"Mnamwona? Huyu hakai na mtu. Kamwageni!"

Askari wakalishika beseni upande huu, Bi Mwanakheri kalishika upande ule. Na konokono akaanza kupanda. Polepole. Subirini, jamani, konokono huyo, mlitaka aruke? Akapanda, akapanda, akafika mbele ya kile kioo.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

Akamgeukia Maringo. "Bwana, nimepiga tatu. Humo hamna mtu. Twende zetu."

Maringo akatazama kioo, akamtazama konokono. Akakunja mashavu. Akashusha mapezi, taratibu, akapanda juu kuvuta pumzi yake, kioo kakipa mgongo.

Mfalme alicheka mpaka kilemba kikamwangukia puani. "Nina baraza zima la washauri, na hakuna aliyewahi kunituliza hivi! Samaki huyu amepata mwenzake." Kisha akakirudisha kilemba kichwani. "Waziri. Vile vyumba saba, unakaa na nani?"

Waziri Ngwali akatazama huku, akatazama kule. Kioo kilikuwa bado mkononi mwake. Akachungulia humo, akajiona peke yake.

"Nakupa mpaka mwezi uandame," akasema mfalme.

Kuanzia siku hiyo, ukipita mji ule, unamkuta waziri na joho lake, mlango kwa mlango, sauti ameipunguza. Hodi. Hodi. Hodi. Watu wako uani, wanamsikia.

— Nimemwaga?
— Umemwaga!
— Mtungi mtupu?
— Mtupu!
— Basi nendeni mkalale. Kilichobaki chini ni cha konokono.