Kamba Nyekundu Mbele ya Chumba cha Kupumzikia

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nane Februari, saa tisa na robo alasiri. Maji yalichemka katika birika, yakaendelea kuchemka, na hapakuwa na mtu wa kuyaepua.

Mtu mmoja alikuwa na vyumba vitatu vya kulinda, na mke mmoja. Mtu huyo aliitwa Tokuji Hanyuda, na mkewe aliitwa Shizuno. Wote wawili walikuwa watumishi wa makumbusho madogo ya historia katika mji mmoja wa milimani, nchini Japani. Chumba cha kwanza kilikuwa na vyungu vya watu wa kale. Cha pili kilikuwa na majembe, nyungo, na mtambo wa kufumia hariri. Cha tatu kilikuwa na mavazi ya vita na barua za watawala waliokwisha sahauliwa. Hanyuda alivipenda vyumba hivyo. Alivaa glavu nyeupe, akapangusa vioo, akapima unyevu wa hewa asubuhi na jioni. Kila kitu alikiandikia kadi: jina lake, kimetengenezwa kwa kitu gani, kimetoka kwa nani.

Mbele ya chumba cha tatu palikuwa na chumba kingine, ambacho hakuna aliyekihesabu. Kilikuwa na benchi mbili zenye mito ya kukalia, meza fupi, birika, vikombe vya udongo, na dirisha linalotazama mlima. Hapo ndipo Shizuno alipofanya kazi miaka ishirini na sita. Mgeni alipomaliza kutazama, alimpa mahali pa kukaa na chai ya shayiri iliyokaangwa. Hakumuuliza ameelewa nini.

Alikuwa na kazi nyingine pia. Huko ni desturi kuvua viatu mlangoni na kuvaa ndara kabla ya kuingia. Watu huvua kwa haraka, na viatu hubaki vimeelekea ndani. Shizuno alishuka mara kwa mara, akapiga magoti, akavigeuza vyote vielekee nje, ili mwenye navyo akitoka aingize miguu tu na kwenda zake. Wengi hawakujua kuwa kuna mtu aliyevigusa.

Hanyuda alimtania. "Watu wanakuja kuona historia, wewe unawanywesha chai."

"Na hiyo historia yako haina hata kiti, mume wangu," Shizuno alimjibu.

Siku ile ya Februari, Hanyuda alikuwa chumba cha tatu, akipangusa kioo. Alilisikia birika likipiga mluzi. Akasema moyoni kwamba Shizuno ataliepua. Akamaliza kioo kwanza, pembe zote nne. Alipokwenda, alimkuta Shizuno ameinama juu ya meza kama mtu aliyesinzia, na maji yamekauka.

Kwao siku ya mwisho ya matanga ni ya arobaini na tisa. Ilipopita, Hanyuda alirudi kazini, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kumpenda mtu aliyeondoka, alifanya alichokijua. Alivaa glavu. Akafunga pazia ili jua lisipaushe kitambaa cha mito. Kikombe alichokitumia Shizuno alikiacha palepale mezani, na karibu yake akaweka kadi: "Kikombe. Udongo. Kilitumika mpaka tarehe 18 Februari." Birika alilipa kadi yake. Katika mto wa pembeni, ule aliokuwa akiukalia, palibaki mbonyeo mdogo wa mwili wake. Ule hakuuandikia kitu. Alichukua kamba nyekundu iliyokuwa ikizuia wageni wasiguse vitu vya chumba cha tatu, akaifunga mlangoni, na kuanzia siku hiyo chumba cha kupumzikia kikawa chumba cha nne cha kutazamwa.

Mkuu wa makumbusho, Bi. Kuwabara, aliona, akamhurumia. "Mwacheni kwanza," aliwaambia wengine. Ikapita Mei, ikapita Agosti, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia neno.

Wageni walichoka. Waliketi kwenye ngazi, au waliegemea vioo wakaacha alama za mabega. Wengine waliishia chumba cha pili wakarudi. Mlangoni viatu vilibaki kama vilivyovuliwa, na watu wazima waligeuka wakishikana mabega, wakisimama kwa mguu mmoja. Hanyuda mwenyewe alisimama kutwa. Zamani, saa tisa alasiri, alikuwa akienda kukaa kidogo pembeni ya mkewe. Sasa saa hiyo ilipofika alikwenda kusimama mbele ya kamba, akautazama ule mbonyeo kama bado upo. Alikuwa amechoka, na hakuwa na mahali pa kuchokea.

Mwezi wa Oktoba alikuja bibi mmoja, Tomoe Nagasaku, mwenye miaka themanini na minne. Ule mtambo wa hariri wa chumba cha pili ulikuwa wa mama yake, naye ndiye aliyeutoa kwa makumbusho. Kila mwaka alipanda basi kuja kuutazama, kisha alikwenda kunywa chai ya Shizuno. Mwaka huo hakuwa na habari. Aliutazama mtambo, akapita chumba cha tatu bila kusimama, akafika kwenye kamba. Akasoma kadi ya kikombe, polepole, midomo ikitikisika. Akaelewa. Akainamisha kichwa muda mrefu.

Hanyuda alisogea, amesimama wima kama anavyosimama mbele ya wageni wakubwa. "Nimehifadhi kila kitu, mama," alisema. "Hakuna kilichoguswa."

Bibi akamtazama. Alikuwa ameegemea fimbo kwa mikono yote miwili.

"Mtambo wa mama yangu niliuleta hapa kwa sababu hakuna tena mkono unaoujua," alisema. "Birika hili umeliweka hapa kwa sababu gani? Mikono yako nayo imekufa?"

Hakungoja jibu. Alirudi taratibu hadi mlangoni, na Hanyuda akamfuata kwa mbali. Alimwona bibi akivua ndara. Alimwona akijaribu kugeuza viatu vyake kwa ncha ya fimbo, kwa kuwa hakuweza kuinama. Kimoja kiligeuka. Cha pili kilipinduka kikalala ubavu. Bibi akajaribu tena, na tena. Nyuma ya viatu vyake palikuwa na safu nzima ya viatu vya wageni, vyote vimeelekea ndani, kama vya watu waliosahau kwamba wana kwao.

Hanyuda akavua glavu. Akapiga magoti pale Shizuno alipokuwa akipiga magoti, akashika kiatu cha bibi kwa mkono mtupu. Kilikuwa chepesi. Akakigeuza. Kisha akavigeuza vyote, kimoja kimoja, mpaka mwisho wa safu, na alipomaliza hakuweza kuinuka mara moja.

"Usiondoke, mama," alisema. "Kaa kwanza."

Akaifungua kamba. Akafungua pazia, na mlima ukaonekana. Akaziondoa kadi akazitia mfukoni. Birika lilikuwa limeshika ukoko mweupe ndani. Akalisugua, akalijaza maji, akalibandika motoni. Alipogeuka kumwonyesha bibi benchi ya dirishani, alimkuta amekwisha kukaa jirani na birika, juu ya mto wa pembeni.

Mbonyeo ukawa umekwisha. Hapakuwa na namna ya kuurudisha. Hanyuda alisimama akiutazama upindo wa nguo ya bibi pale mbonyeo ulipokuwa, na maumivu yakamwingia upya, kama yale ya Februari. Alitaka kumwambia ainuke. Alifungua kinywa. Ndipo birika likapiga mluzi.

Safari hii hapakuwa na kioo cha kumaliza. Alikwenda, akaliepua.

Bibi alionja chai, akakunja uso. "Mbaya," alisema. "Shayiri umeiunguza."

"Yeye alikuwa akifanyaje?"

"Sasa unaniuliza mimi? Uliishi naye wewe." Akanywa tena. "Alikuwa akiiacha itulie kidogo. Mwakani nitakuja kuona kama umejifunza."

Wakakaa. Baadaye mgeni mmoja alichungulia mlangoni akauliza kama inaruhusiwa kuingia, na Hanyuda akamwambia akae popote.

Ndugu zangu mliofiwa, mnajua saa yenu na tarehe yenu, sina haja ya kuwakumbusha. Yule mliyempenda aliacha mto aliokalia, na aliacha pia kazi ya mikono yake. Kipi kati ya hivyo mmekifungia kamba, na nani amesimama mbele yake leo akitafuta pa kukaa?

Ee Mungu, wapokee waliotutangulia. Uwasamehe, nasi utusamehe kwa yale tuliyoyasikia tukachelewa kuyaendea. Walitukalisha tulipochoka, uwakalishe karibu nawe. Walielekeza viatu vyetu nyumbani. Na siku yetu ikifika, tuvikute vimegeuzwa. Amina.