Mbwa Mwitu Waliorudishwa Bondeni

Najua, wapendwa, mbwa mwitu wa mahubiri siku zote ni adui. Akitajwa tu, kondoo wote mnakaa mkao wa kukimbia. Leo mnivumilie, maana wa kwangu ni wa namna nyingine.

Kulikuwa na mfugaji mmoja, mwenye mbuzi wengi na ulimi mkali, aliyekaa kwenye bonde lenye kijito. Mbwa mwitu walimchosha. Leo wamekula mbuzi, kesho ndama. Mwishowe akawakusanya majirani, wakapaka sumu kwenye mzoga, mbwa wote wakafa. Wakachinja dume la kushangilia, wakasema, "Sasa tuna amani."

Amani! Nani asiyeipenda? Boma la miiba lililokuwa likijengwa upya kila kiangazi likaachwa likaoza. Mbuzi wakalala popote giza lilipowakuta. Wachungaji wakashinda kivulini wakicheza bao.

Lakini swala nao walipata amani. Swala aliyezoea kunywa maji masikio yamesimama, kisha huyo, ametimua mbio, sasa alikuja mtoni akajinyoosha. Akala matete. Akala kila mche wa mkuyu uliochungulia juu ya udongo. Mikuyu mizee ikaanguka, na michanga ya kushika nafasi yake hakuna. Mvua ikinyesha, kingo zinabomoka. Mchanga ukajaa kijitoni mpaka maji yakawa ya kufukua kwa mikono, tena tope.

Mbuzi wakaanza kufa. Mfugaji akamwambia mkewe wahame.

"Nihamie wapi, na mama yangu amezikwa hapa?" mke akasema. "Nenda kwa bwana nyama, ukamwombe mbwa."

"Mbwa gani?"

"Hao uliowaua! Mchota maji ni mimi, baba watoto, si wewe. Walipokuwepo nilijaza ndoo nimesimama. Sasa swala wamehamia mtoni kama wageni wa harusi wasiojua kuaga. Au nasema uongo?"

Hakusema uongo. Mume akaenda. Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mzee, si wewe uliyewapa sumu?"

"Ni mimi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu."

Afisa akaacha kucheka, akaandika ombi. Mbwa wakaletwa kwa lori kutoka hifadhi ya mbali. Swala wakakumbuka miguu yao: anakunywa, anaondoka. Mvua zilizofuata, matete yakatokeza. Miche ya mkuyu ikafika magotini. Maji bado, lakini mwenye macho aliona yanakotaka kwenda.

Ndipo asubuhi moja mfugaji akamkuta beberu wake, yule aliyemwonea fahari kuliko wote, ameraruliwa. Hata hajamaliza kushika kichwa, majirani hao wamefika na kopo.

"Pole, jirani. Tumekuletea dawa yetu ile ile."

Mnawasikia? Matete wameyaona kwa macho yao! Mbuzi mmoja tu, wamesahau tope.

Mfugaji akalipokea kopo. Akamtazama beberu. Wote wakangoja aanze kupaka.

"Beberu wangu alilala wapi?" akauliza.

Jirani akamsogezea mzoga.

"Nauliza, alilala wapi? Alilala nje! Boma langu liko wapi? Mbwa hakuvunja kitu, maana hakukuta cha kuvunja." Akamrudishia jirani kopo lake. "Lirudishe ulikolitoa. Na ukija tena, njoo na panga. Tunakata miiba."

Sasa sisi. Si sisi tuliolia hapa mbele mwaka jana kwamba kanisa limepoa, Bwana aturudishie watu wa kukemea? Akatupa Mama Tumsifu. Simfananishi na mnyama, msinisingizie; nasema neno lake lina meno. Alipowakemea vijana walevi, mlipiga makofi. Nani hakupiga? Lakini alipomwambia mzee wa kanisa, mbele ya watu, aache kumpiga mkewe, makopo yakatoka chini ya vitanda. Leo mnasema amevuruga amani. Amani ya nani? Ya mke yule? Hiyo ni amani ya swala aliyelala mtoni, na ninyi mnakunywa tope mkisema ni maji.

Neno likikuuma, usikimbilie kumnyamazisha aliyelisema. Tazama boma lako. Miiba inachoma mikono, najua, lakini boma lako halijengwi na mwingine.

Mmeniletea ombi kwamba Mama Tumsifu aondolewe kwenye uongozi wa akina mama, na kikao ni baada ya ibada hii. Sawa. Nitakiongoza mimi, na swali la kwanza halitakuwa lake. Nitamwuliza ndugu yetu, akiwa amesimama, nanyi nyote mmekaa: ulimpiga, au hukumpiga?