Masale ya Bwana Nkwabi

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, watu wana simu mifukoni, kulikuwa na kihamba kimoja mlimani Kilimanjaro. Kihamba ni shamba la nyumbani: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji, na makaburi ya wenyewe nyuma ya nyumba. Hicho kilikuwa cha Bibi Ndeonasia, mjane.

Bibi alikuwa na mwana mmoja, Aminieli, aliyeishi mjini. Kila akija Krismasi alisimama uani, akashika kiuno, akasema, "Mama, hapa pangetoka viwanja vizuri sana." Viwanja! Baba yake amelala pale, mfongo unapita pale kwenda kwa majirani wote wa chini, yeye anaona viwanja!

Kisingizio chake kilikuwa hiki: shamba limemshinda mama. Na kweli lilikuwa limemshinda. Migomba imezongwa na majani makavu, mfongo umeziba. Ndipo akaja Haikaeli, binti wa jirani, na kikundi chake. Kikundi kiliitwa Kihamba Hakikatwi, na kazi yake jina linaisema. Mzee akizidiwa na shamba, wanakikundi wanakuja na majembe yao, wanalima, wanapogoa, wanazibua mfongo, wanakula ndizi za mwenye shamba, wanaondoka wakiimba. Tena kila mwaka wanamzawadia ndama jike mtu aliyekiokoa kihamba kisikatwe. Ndama mmoja, mtu mmoja.

Basi wakalima kwa Bibi Ndeonasia. Wakapogoa. Wakazibua. Migomba ikazaa mpaka ikawekewa miti ya kuiegemeza. Lakini Aminieli keshapata mnunuzi: Bwana Nkwabi, Msukuma mwenye maduka mjini, mtu mpole, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Wamekwisha kuelewana. Limebaki neno la mama tu, maana bila neno la mama mbele ya ukoo, kihamba kile hakiuziki.

Bwana Nkwabi akauliza, "Nije na nini, nisionekane mshamba?"

Aminieli akajibu, "Njoo na masale."

Sasa sikilizeni vizuri. Isale ni mmea wa majani marefu. Mchaga akiupanda ardhini, ni mpaka. Lakini akiushika mkononi akampelekea mtu, ni jambo jingine kabisa: anakiri amemkosea, anaomba msamaha. Na anayepelekewa hakatai. Bwana Nkwabi, aliyekulia tambarare za Shinyanga, hayo angeyajulia wapi?

Jumamosi ukoo ukakusanyika, na majirani, na kikundi kizima. Bwana Nkwabi akashuka garini na suti yake, amekumbatia masale, kayafunga utepe mwekundu kama maua ya harusi. Akamwendea Bibi. Akapiga goti, heshima ya kwao, akayatoa kwa mikono miwili.

Bibi akamtazama. Akayatazama masale. Akayapokea.

"Simama, mwanangu. Nimekusamehe."

"Asante sana, mama." Kisha akakuna kichwa. "Ee... umenisamehe nini?"

"Kutaka kununua kaburi la mume wangu. Yamekwisha, baba. Karibu ukae."

Vigelegele! Aminieli akaja mbio. "Mama, huyu hajui! Hayo ni masale ya mpaka!"

"Kaka Aminieli," akasema Haikaeli, "mpaka gani unafungwa utepe?"

Watu wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Bwana Nkwabi akaelezwa. Akafuta jasho. Angeweza kusema, sikujua, haihesabiki, turudi kwenye biashara. Wote wakamsubiri. Halafu kile kicheko chake kikalipuka.

"Nimeomba msamaha kabla sijamaliza kukosea! Basi siendelei. Biashara imekufa. Mtori upo?"

Mtori wa ndizi upo! Pombe ya mbege ipo! Ngoma ikaanza, ndama akaletwa na kamba yake shingoni. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Haikaeli akasema, "Huyu wangu. Tusingelima, hapa pangekuwa pori, na Bibi angekuwa analala sebuleni kwa mwanawe huko mjini. Hayo masale yangemkuta nani?"

Bibi akasema, "Mmelima, mjukuu wangu, asanteni. Lakini jembe halisemi. Ningemwambia huyu, 'Baba, umekosea, haya si ya kunipa,' leo mngelima kwa nani? Nimeyapokea upesi kabla hajazinduka. Ndama ni wangu."

Bwana Nkwabi akasema, "Mama, desturi yenu inawafunga ninyi. Mimi ingenifunga kwa kamba ipi? Ni mimi niliyekuja kununua, na ni mimi niliyeacha. Halafu jamani, kuna ng'ombe na kuna Msukuma, bado mnajadili nini?"

Kicheko kikapanda. Kikiwa bado juu, Aminieli akasema toka nyuma, "Na mimi?"

"Wewe? Muuza makaburi!" watu wakamzomea.

"Ngojeni! Mimi nimezaliwa hapa. Mchaga gani anamwambia mtu aende kwa mama yake na masale kwa bahati mbaya? Nilishampa Bwana Nkwabi neno langu, nikaona aibu kulirudisha. Nikayatuma masale yanirudishie."

"Mwongo!" akasema Bibi.

"Haya, mama, mimi mwongo. Ningemwambia alete kitenge, ungemsamehe nini?"

Nanyi msikimbilie kumzomea Aminieli. Kama anasema kweli, alikiokoa kihamba kwa akili. Kama anadanganya, bado neno "masale" lilitoka kinywani mwake, si mwa mwingine. Lakini nani aliyekitia kihamba hatarini kama si yeye? Na asije mtu hapa na jibu la uvivu, eti wagawane. Ndama ukimgawa unapata nyama ya siku moja, na maziwa hupati tena.

Ngoma inalia, ndama anavuta kamba, na kamba hiyo mmeishika ninyi. Haya, semeni: mnamkabidhi nani?